Filamu Aliyoiona Kwenye Kioo

Kinyozi tunayemsema hapa alikuwa mtu wa maneno. Si umbea, la, umbea aliuchukia na aliwafukuza wateja kwa ajili yake. Alikuwa mtu wa maneno tu, kama mwingine alivyo mtu wa chai. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga shuka shingoni ameshakuuliza hali ya nyumbani, na kabla mashine haijagusa kisogo ameshakujibia mwenyewe. Wateja walimpenda kwa hilo. Wapo waliokwenda kwake nywele zikiwa bado fupi, wakasingizia ndevu, kumbe walitaka kukaa wasikilize.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la magodoro na fundi wa simu. Ndani mlikuwa na viti viwili vya kunyolea, kimoja kizima na kingine kilichokataa kupanda wala kushuka, benchi la wanaongoja, rafu ya poda na spiriti, na kioo kilichochukua ukuta mzima. Juu ya ukuta unaotazamana na kioo alitundika televisheni. Mteja aliyekaa kitini aliitazama ndani ya kioo, na kinyozi naye vivyo hivyo, maana kazi ile inataka macho mbele. Hebu geuza shingo uangalie picha wakati mashine iko kwenye utosi wa mtu, uone kama hujamrudisha kwao na kipara asichokuja nacho.

Spika ya televisheni ile ilikufa zamani. Fundi wa simu alijitolea kuitengeneza, tena bure, kinyozi akamwambia achana nayo. Ya nini? Mashine inanguruma, feni inalia, watu wanabishana mpira. Na zaidi ya yote, sauti ilikuwa yeye. Mteja akiuliza, "Huyu mzee kwenye picha anasemaje?" kinyozi alijibu papo hapo bila kupepesa macho, kwa sauti ya kizee, na kikohozi akatia.

Katika filamu zote alizokuwa nazo, moja aliipenda kupita kiasi. Mteja mmoja alimpa kwenye flashi, ya msichana mkimbiaji, na kinyozi akairudia na kuirudia mpaka wenye benchi wakaomba huruma. Hadithi, kama alivyoisimulia yeye, ilikuwa hivi. Msichana anaishi na baba yake, mfyatua matofali mwenye kofia pana. Baba anagundua kwamba mtoto ana mbio. Basi kila siku baba anasimama kwenye uzio wa uwanja akimtia moyo, mdomo wazi, mikono juu, mishipa ya shingo imemsimama. Jioni moja msichana analia mezani: anaomba viatu. Baba anauza baiskeli, ananunua viatu. Siku zinakwenda, msichana anampelekea baba vile viatu, anaviweka mbele yake, machozi yanamtoka: anamshukuru, bila wewe mimi si kitu. Halafu viatu vinaibiwa, jamani, na baba anaondoka duniani kwa homa, na msichana anashinda mbio kubwa akiwa pekupeku. Hapo kinyozi alizima mashine kwa heshima, na mteja alibaki na nusu kichwa mpaka heshima iishe.

Kuna aliyemuuliza siku moja mbona wakimbiaji wale wanazunguka uwanja kinyume na wa huku kwetu. Kinyozi hakubabaika. "Huko ndiko wanakozungukia," alisema. "Kila watu na taratibu zao." Benchi zima likaitikia, eti kumbe.

Sasa, kinyozi alikuwa na binti mmoja tu, na binti alikuwa anakimbia. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Binti mwenyewe alikuwa mpole, mrefu, wa kidato cha tatu, na mbio zake hazikuwa za utani. Tangu siku ya kwanza alipomshinda mwenzake shuleni, kinyozi hakukosa shindano. Alifunga duka, wateja wakafika wakakuta kufuli. Alisimama kwenye kamba, mdomo wazi, mikono juu, na alifika mpaka kununua kofia pana. Hakuna aliyemcheka, maana alionekana anampenda mtoto, na kweli alimpenda. Alimpenda hadi akamchosha.

Shindano la mwisho binti alitoka wa tatu. Wa tatu kati ya shule zote za mji, si haba, lakini kinyozi alikuwa ameshawaahidi wateja ushindi. Akamfuata pale pale, wenzake wakiwa wamesimama na chupa zao za maji, akapaza sauti: "Nimefunga duka nije kukutazama unatembea? Hiyo ndiyo miguu au umeazima?" Binti alivua viatu, akavifunga kamba pamoja, akatembea kwenda nyumbani na soksi.

Tangu siku hiyo hakwenda tena mazoezini. Viatu viliingia chini ya kitanda. Baba akiingia, "Shikamoo." Baba akiuliza, "Ndiyo, baba." Zaidi ya hapo, kimya. Kwa mtu wa maneno, adhabu kubwa kuliko hiyo sijui kama ipo. Mchana alichangamsha saluni nzima, jioni akila chakula chake anasikia kijiko.

Ijumaa mwalimu wa michezo wa shule ya binti aliingia saluni kunyolewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana kinyozi hakuwahi kumzoea. Alipofutwa poda alisema, "Binti yako ana nafasi kwenye kikosi cha vijana. Jumatatu nataka jibu. Akikataa nampa mwingine, kuna anayengoja."

"Atakwenda! Mimi nakuhakikishia—"

"Jibu nalitaka kwake," mwalimu akasema, "si kwako." Akalipa, akaenda zake.

Kinyozi hakupata usingizi mzuri. Kumlazimisha? Mkewe, aliyekuwa dobi wa hospitali na mikono yenye nguvu kuliko ya mumewe, alishamwonya: ukimlazimisha utanitambua. Kumbembeleza? Ataanzia wapi, na mtoto haongei? Jumamosi akichonga ndevu za mtu, macho yakaangukia kioo, pale baba mwenye kofia alipowekewa viatu mbele yake. Kinyozi karibu amkate mteja. Dawa si hii hapa? Mtoto aione filamu. Aone jinsi baba anavyohangaika na jinsi mtoto anavyoshukuru. Jioni alichomoa flashi, akaitia mfuko wa shati, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akatangaza: leo familia nzima tunatazama picha. Mkewe akakaanga bisi. Bibi, mama yake kinyozi, akavutiwa kiti chake karibu na televisheni kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua, ingawa ulimi haukuwa na tatizo lolote. Binti akakaa mkekani, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kutembea.

"Mke mwenzangu, sogea huku," bibi alimwita mjukuu wake. "Huko mlangoni unamngoja nani? Kama ni mchumba, mwambie mimi ndiye wa kwanza."

Binti akacheka kidogo, lakini hakusogea.

"Tulieni, tulieni," kinyozi akasema, rimoti mkononi kama fimbo ya mwenye shamba. "Hii si picha ya kupiga soga. Hii ina mafunzo."

Filamu ikaanza, na la kwanza kumshtua kinyozi lilikuwa Kiswahili. Watu wanasema! Filamu nzima ilikuwa imetiwa maneno ya Kiswahili, safi kabisa, na yeye miaka yote ameitungia. Akajikohoza. Basi vizuri, alijiambia, hata kazi ya kusimulia imepungua.

La pili likaja wasichana walipopanga mstari na kuanza kukimbia. Kinyozi akainuka nusu kitini.

"Hee! Mbona wanakimbia kama sisi?"

"Wakimbieje?" mkewe akauliza.

"Hawa huwa wanazunguka upande mwingine. Nimeiona filamu hii mimi, usinifundishe."

Mkewe akamtazama, akatazama televisheni, akamtazama tena. "Wewe si huwa unaiangalia kwenye kioo?"

Bibi akaangua kicheko mpaka bisi zikamtoka mdomoni. "Kwenye kioo! Mwanangu umewageuza watu na nchi yao!" Mkewe akashika mbavu. Hata mlangoni kule kulisikika kicheko, kimefichwa na kiganja, na kinyozi alipokisikia hakuona aibu tena. Angegeuza na mito na milima kukisikia mara ya pili. Akacheka nao, akasema haya, haya, mmenipata, tazameni picha.

Basi akaja baba mwenye kofia. Akasimama kwenye uzio, mikono juu, mdomo wazi, mishipa imesimama. Kinyozi akakaa vizuri.

"Ng'ombe wewe!" baba wa kwenye filamu akapiga kelele. "Nyanyua miguu! Unanitia aibu mbele ya watu! Hivi umelala?"

Hakuna aliyetafuna bisi. Kinyozi akadhani labda amesikia vibaya. Lakini baba yule hakuwa na haraka, aliendelea, na kila alichokisema kilikuwa cha namna hiyo hiyo, kinasikika vizuri, Kiswahili fasaha. Msichana akapita mbele yake kichwa kimeinama.

"Huyu mwanamume ana domo," bibi akasema. Akakunja macho, akasogeza uso karibu na kioo cha televisheni. "Na hiyo kofia nimeiona mahali."

"Mama," mkewe kinyozi akasema taratibu.

"Mama nini? Nimesema uongo?"

Ikaja meza ya jioni, pale msichana anapolia. Sasa ataomba viatu, kinyozi alijipa moyo, sasa mambo yatakaa sawa. Msichana akainua uso wake uliolowa, akasema, "Baba, nimechoka. Naomba niache."

Kidole cha kinyozi kikaminya rimoti chenyewe. Sauti ikakatika.

"Sauti imeharibika," akasema. Alisikia jinsi alivyosema haraka. "Hizi flashi bwana, hazina maana. Msijali, nitawasimulia, mimi naijua yote. Hapa sasa anamwomba babake viatu. Anasema, baba mpenzi, wenzangu wote wana viatu, na mimi nataka nikukimbilie, nikutoe kimasomaso. Na baba anamwambia, mwanangu, nitauza hata baiskeli..."

Aliendelea. Ile sauti ya saluni, tamu, yenye kikohozi na vituo vyake, lakini nyumbani haikupata benchi. Mkewe alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Kwenye picha baba mwenye kofia alikuwa anapiga meza kwa ngumi, na kinyozi juu yake anasema mwanangu, mwanangu.

"Baba, weka sauti."

Alikuwa binti. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya hiari tangu siku ya shindano, na kinyozi alikuwa ameyangoja kwa hamu, ila hakuyangoja namna hii. Angeweza kusema rimoti imekufa. Angeweza kuzima, akasema twendeni tukapunge upepo, na hakuna ambaye angebisha. Wala hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

Akaminya tena. Sauti ikarudi, na ngumi ikarudi, na matusi.

Wakatazama hivyo. Baiskeli iliuzwa kweli, viatu vilinunuliwa kweli, hapo kinyozi hakukosea. Kisha ikaja ile sehemu yake, ile ya shukrani. Msichana akaingia, akaviweka viatu mezani mbele ya baba, machozi yanamshuka, na akasema, "Chukua. Hivi vilikuwa vyako, havijawahi kuwa vyangu." Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Kwa hiyo viatu havikuibiwa. Kinyozi alikaa akifikiri habari hiyo tu, kwamba havikuibiwa, maana lile lingine lilikuwa zito kulibeba kwa mara moja. Amewaambia watu wangapi? Kuna wazee walilia kwenye kiti chake kwa shukrani ya mtoto yule.

Baada ya hapo filamu ilikuwa nzuri, haki yake tuiseme. Msichana alikaa muda mrefu bila kukimbia. Halafu asubuhi moja akatoka peke yake, barabara tupu, pekupeku, akaanza kutembea, akaharakisha, akakimbia, na hakuna aliyemwambia lolote. Zilisikika pumzi zake tu na nyayo. Bibi akaacha kutafuna. Siku ya mbio kubwa alisimama kwenye mstari na miguu mitupu, watu wakamcheka, na alipotoka mbele kona ya mwisho mkewe kinyozi alikuwa amesimama katikati ya sebule anapiga makofi, "Nenda! Nenda mama! Nenda!" na bibi anauliza, "Kashinda? Kashinda?" na binti amepiga magoti mkekani, ngumi mbili kifuani. Msichana alishinda. Wote wakapiga kelele, na kinyozi pia, hakuweza kujizuia. Alikuwa ameona ushindi ule mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, na machozi yalimtoka kama anayeuona leo.

"Na babake je?" bibi akauliza. "Mbona simwoni?"

Saluni nzima ilijua kwamba alikufa kwa homa. Kinyozi mwenyewe alimuua, ili picha ikolee.

"Sijui, mama," akasema.

Mkewe akazima televisheni. Akamshika bibi mkono, akamwambia twende jikoni ukanionyeshe ile mboga. Bibi akasema mboga gani, mimi nataka kukaa hapa, lakini mikono ya dobi si ya kubishana nayo, wakaenda.

Binti alibaki anaokota bisi zilizomwagika mkekani, moja moja, anazitia kwenye sahani. Kinyozi aliiweka rimoti kwenye kiti. Kisha akaiondoa, akaiweka mezani.

"Mimi napiga kelele vile?" akauliza.

"Sijui unasema nini, baba. Nikiwa nakimbia maneno siyasikii. Nasikia sauti yako tu."

Roho ikamrudi kinyozi kidogo. Kama maneno hayafiki, basi labda hakuna ubaya mkubwa. "Si inakusaidia lakini? Maana wewe kila ukifika pale niliposimama unaongeza mbio. Kila mtu anaona. Mwalimu mwenyewe aliona."

"Naongeza ili nikupite." Hakusema kwa hasira. Alikuwa bado anaokota. "Nikitoka kwenye kona nakuona. Nakimbia nikupite haraka. Nikishakupita ndiyo napata pumzi."

Iliuma, tusifichane. Kinyozi alikuwa amewahi kujikata wembe mpaka mfupa, na hakukumbuka kama uliuma hivyo. Alitazama mikono yake, akatafuta la kusema, na lote lililomjia lilikuwa la saluni, la kuchekesha. Akaliacha.

"Basi mwambie mwalimu hutaki," akasema mwishowe. "Nitakuunga mkono. Sitasema neno."

"Kesho nitamwambia ndiyo."

Kinyozi akainua uso.

"Nilishaamua tangu mwalimu aliponiambia shuleni, kabla hata ya filamu yako. Napenda kukimbia, baba. Sijawahi kuacha kupenda." Akainuka na sahani yake. Alikuwa mrefu kuliko kinyozi alivyokumbuka. "Ila nikienda, wewe usije."

"Siku ya kwanza tu?"

"Usije. Mama atakuja, bibi akitaka atakuja. Wewe mpaka nitakapokuambia."

Kinyozi alikuwa amepata alichokitaka. Nafasi iko, mtoto anakwenda, Jumatatu mwalimu atapata jibu lake, na lilikuwa lile lile alilolihakikishia. Alitamani kusimama ashangilie na alitamani kulia, na akabaki amekaa. Jikoni bibi alisikika akisema mbona hakuna mboga yoyote huku.

"Sawa," akasema. "Sitakuja."

Binti akangoja. Alimjua baba yake, alijua kuna la kuongeza.

"Ukirudi utanisimulia?"

"Hata nikishindwa?"

"Hata..." Akaisukuma rimoti mbali mezani. "Hata ukiwa wa mwisho."

Binti alimtazama usoni kwa muda, akihakikisha. Halafu akamwekea sahani ya bisi mapajani.

"Basi nitakusimulia," akasema. "Lakini unisikilize mpaka nimalize. Usinimalizie."

Kinyozi akafungua mdomo amwahidi, akaufunga, akaitikia kwa kichwa.